Risasi Mia Tatu na Kumi na Mbili

Katika maisha yangu nimesema uongo hadharani mara moja tu, na uongo wenyewe ulihusu donge la udongo lenye ukubwa wa yai la njiwa. Nimefundisha hesabu Uvira kwa miaka thelathini na sita, na wanafunzi wangu, ambao wengine leo wana vipara, watakuambia kwamba Mwalimu Faida hajui hata uongo wa adabu. Ukimpikia sombe isiyo na chumvi atakuambia haina chumvi, kisha atakadiria imepungua kiasi gani. Kwa hiyo lile donge limenikaa rohoni muda mrefu kuliko linavyostahili. Mwezi uliopita tulimzika Shangazi Feza kule Sange, katika tambarare ya Ruzizi, na siku ya tatu ya kilio, wanawake wakiwa wanagawa chai chini ya turubai, shemeji yake, Baba Sadiki, alinijia akiburuta kiti cha plastiki. Ana miaka themanini na kitu, na magoti yake yanalalamika kabla yake. Aliketi, akahema, akaangalia kushoto na kulia. "Faida," akasema, "niko na kitu yako. Lakini ngoja bantu bapungue." Nikangoja. Watu wa kilio hawapungui upesi mahali penye chai, na katika kungoja huko mwaka mzima ulinirudia, kuanzia na matope.

Sitasimulia habari za baba na mama yangu. Walikuwa watu wazuri, nao hawamo katika jambo hili isipokuwa kwamba ndio walionipandisha kwenye lori la Sange. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mtihani wa Leta, ule wa kumaliza sekondari, ulikuwa umeniangusha. Kwenye hesabu nilipata alama ambazo mkuu wa shule alizisoma mara mbili. Kwenye insha ya Kifaransa niliandika sentensi nne, maana niliona swali limeshajibiwa. Basi nilikuwa na mwaka mzima wa kungoja mtihani mwingine, na Shangazi Feza alikuwa na shamba la mpunga lisilo na mlinzi. Msimu uliotangulia alikuwa akimuuguza mumewe, na ndege walivuna wao; mume alikufa na mpunga ukaisha, vyote ndani ya mwezi mmoja. Komite ya maji ilikuwa na sheria yake: parseli isiyotoa kitu misimu miwili mfululizo inapewa mwingine. Huyo mwingine alijulikana, naye alikuwa Baba Sadiki, mdogo wa marehemu, ambaye parseli yake ilipakana na ile ya Shangazi na ambaye tayari alikuwa anaitazama kama mtu anavyotazama nyama iliyobaki kwenye sahani ya mwenzake.

Tena tuliishi naye ua mmoja. Chumba changu na chake vilitenganishwa na ukuta wa matofali mabichi ambao haukufika kwenye paa, kwa hiyo nilijua anapiga chafya mara ngapi na mkewe anamwita nani akikasirika. Chumbani mwangu mlikuwa na kitanda cha kamba, magunia mawili matupu yaliyokuwa yakingoja mpunga, na picha ya Bikira Maria ambayo panya walikuwa wamekula kona moja. Jioni tulikula sote uani, bugali na ndagala, siku ya bahati samaki mukeke aliyekaangwa, na Baba Sadiki alikuwa na desturi ya kumuuliza Shangazi, huku akilamba vidole, "Shemeji, ndege baliamkaje leo?" Shangazi alimjibu kwa upole kwamba waliamka salama na wanamsalimu. Nilimwona Shangazi mpole kupita kiasi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na watu wote niliwaona hivyo.

Kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya dungu, kile kilingo cha miti kinachojengwa ukingoni mwa shamba, kuanzia kunakucha hadi jua linapozama nyuma ya milima. Ndege wa mpunga ni wadogo, lakini hutua elfu moja kwa pamoja na kunyonya punje zikiwa bado na maziwa. Parseli ya Shangazi ilikuwa nyembamba na ndefu, hatua mia moja na ishirini tangu dungu hadi mwisho. Ukikimbia juu ya matuta mpaka kule, wale wa mwisho wanahamia mwanzo, na nakuapia wanacheka. Siku ya pili nilikuwa nimeanguka majini mara saba. Ndipo kijana wa dungu la jirani, jina lake Barnabé, mtoto wa wakulima Wakatoliki wa palepale, alipokuja na kombeo la mkonge na mfuko wa vidonge vya udongo mkavu. "Weye mutoto wa muji," aliniambia, "hapa hatupigane na ndege kwa miguu. Tunabapiga risasi." Akaweka kidonge kwenye kombeo, akalizungusha mara mbili juu ya kichwa, akaachia kamba moja. Kulisikika mlio kama wa mjeledi, na kule mwisho wa shamba wingu la ndege likainuka. Hakuna ndege aliyekufa. Barnabé alinieleza kwamba ndege haogopi kufa, anaogopa kukatishwa chakula.

Nilijifunza kombeo kwa wiki mbili, na wiki hizo mbuzi wa jirani walihamishiwa ng'ambo ya mfereji. Nilipoanza kurusha pasipo kuhatarisha mifugo, likazuka swali ambalo lilitugombanisha mimi na Barnabé mwaka mzima: risasi iwe ya umbo gani? Barnabé alikuwa mtu wa mviringo. Baba yake alirusha mviringo, babu yake pia, na hoja yake ilikuwa kwamba mviringo hauna mbele wala nyuma, kwa hiyo hauwezi kupotea njia. Mimi nilitazama nikaona mviringo unapigana na upepo kwa uso wake wote. Kila alasiri upepo wa ziwa ulipopanda tambarare, risasi zake ziliishia katikati ya shamba zimechoka. Nikafinyanga bapa, ikaruka kama karatasi ikamrudia Barnabé mwenyewe. Nikafinyanga yenye mkia, ikapinduka angani mkia mbele. Nikafinyanga ndefu kama punje ya chikichi, iliyochongoka pande zote mbili, ikaenda mbali ajabu, lakini upande iliotaka yenyewe. Mwishowe nikafika kwenye yai: nono upande mmoja, jembamba upande mwingine, bila ncha kali popote. Yai, ukilitoa kwenye kombeo kwa kuliviringisha kidogo na kidole gumba, lilitulia angani na kukata upepo kwa adabu. Barnabé alisema yai ni la kula. Kila adhuhuri tulipima hatua kwa miguu, kila mmoja akirefusha hatua zake na kufupisha za mwenzake, mpaka tukakubaliana kutumia fimbo. Mviringo wake uliwahi kufika hatua mia moja na hamsini, siku isiyo na upepo. Hiyo rekodi aliitaja kila siku, mara nyingine katikati ya sala ya chakula.

Shangazi alituangalia jioni moja tumechuchumaa uani juu ya ubao, tunaviringisha udongo, mikono michafu hadi viwiko. "Bengine banachumbiana kwa kupeana mbuzi na kitenge," akasema. "Nyinyi munachumbiana na matope." Tulikataa kwa pamoja na kwa sauti kubwa mno. Sikuolewa na Barnabé, nalisema mapema ili msomaji asikae akingoja. Lakini sijawahi kubishana na mtu mwingine kwa raha namna ile, na nimejaribu.

Tatizo la yai lilikuwa ubichi wake. Nilichukua udongo wa kichuguu, ulio mzito, nikauchanganya na mchanga mwembamba wa mtoni, nikayakausha mayai kivulini yasipasuke, lakini nilipoongeza nguvu ya kombeo, mayai yalivunjika kabla hayajaondoka, na unga wake ukaniingia machoni. Tena yalinyonya unyevu wa asubuhi, moja likawa zito kuliko jingine, na risasi zisizolingana uzito haziwezi kukupa jibu moja. Hapo nikafanya jambo ambalo niliona ni la akili. Kando ya mto kulikuwa na watu wanachoma matofali. Niliwaomba nafasi ndogo katikati ya tanuri yao, nikapanga humo mayai yangu mia tatu na kumi na mawili, baada ya kuyapima yote kwa mzani wa ubao na uzi. Yalitoka mekundu, magumu, ukiyagonga kwa ukucha yanalia kama kikombe. Wale wa matofali walinitazama tu. Hakuna mtu wa tambarare ile aliyewahi kunikataza kuchoma risasi, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba binadamu mwenye akili timamu ataoka udongo ili amtupie ndege.

Msimu ule tuliwashinda ndege. Mayai yangu yalivuma angani, na ilifika wakati mvumo wenyewe ulitosha kuwainua. Nayakumbuka yote kwa jumla, ila moja nalikumbuka peke yake: adhuhuri fulani, watu wamekwenda kula, nilirusha yai lililonitoka mkononi kwa namna ambayo haijanitokea tena. Lilipita mwisho wa shamba letu likiwa bado linapanda, likapotelea upande wa matete ya mfereji. "Umeona?" nikapiga kelele. "Limepita mia na hamsini!" Barnabé alikuwa ameona vizuri sana, lakini akasema, "Haikuangukia mbele ya macho, haihesabiwe." Tukalitafuta hadi saa nane, wapi. Rekodi ikabaki yake, nami sikula siku hiyo kwa hasira.

Wiki ileile, kwa kuwa nataja mambo ya chakula, Baba Sadiki alianza kula akiwa amesimama. Alisema ana jipu, mahali ambapo hakupataja. Kupitia ukuta nilimsikia akiguna na mkewe akimkanda kwa maji ya moto: "Polepole, weye muke! Nimesema polepole!" Shangazi, ambaye alijulikana mtaa mzima kwa kutibu majipu kwa chumvi na majani ya mwarobaini, aliitwa kusaidia. Alikaa ndani muda mfupi tu, akatoka amejiziba mdomo kwa kitenge, mabega yanatetemeka, akaenda kusimama nyuma ya choo peke yake. Nilidhani ametapika. Nikamwonea huruma, nikampelekea maji ya kunywa, akayanywa akayatema.

Tulivuna magunia ambayo chumba changu hakikuyatosha. Nililala juu ya mpunga kama malkia, na Bikira Maria ilibidi ahamie sebuleni. Msiba ukaja na kupandikiza kwa msimu uliofuata. Wanawake wa kazi ya pamoja waliingia majini pekupeku, kama inavyofanywa siku zote, kwa sababu kupanda mpunga ni kazi ya miguu kadiri ya mikono. Wa kwanza alipiga yowe, wa pili akachechemea, wa tatu akainua kutoka kwenye matope yai langu jekundu, zima, halina hata alama. Risasi mbichi hurudi kuwa udongo kwa mvua moja. Zangu zilikuwa zimelala pale miezi yote, nyingine kwenye parseli za majirani, zikingoja nyayo za watu. Jioni hiyo nilimsikia Baba Sadiki nyuma ya ukuta, sauti imejaa asali: "Parseli yenye kuumiza bantu, komite haiwezi kuiachia muke mujane."

Komite iliketi chini ya banda la mpunga. Prezida wake alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufu. "Ziko ngapi?" akaniuliza. "Mia tatu na kumi na mbili," nikajibu mara moja, tena kwa fahari. Shangazi aliniminya paja. "Hauwezi kusema 'mingi'?" akanong'ona. Prezida akaamua: hadi Jumamosi, kabla maji hayajafunguliwa kwa wote, ziletwe zote mia tatu na kumi na mbili. Ikikosekana hata moja, parseli inakwenda kwa Baba Sadiki. Sikuwahi kuichukia namba namna ile. Ningesema "mingi", tungeleta ndoo mbili na yangeisha.

Siku nne mimi, Barnabé na Shangazi tulitembea matopeni bega kwa bega, mstari kwa mstari, tukipapasa kwa vidole vya miguu. Usiniulize ladha ya chakula cha siku zile. Tulikula tumesimama majini, bugali mkono mmoja na ndagala mfukoni. Barnabé hakuwa na lazima yoyote. Siku ya tatu nilimwambia hivyo, akajibu bila kuniangalia, "Minye nataka kuhesabu kama kweli haikupita mia na hamsini." Ijumaa jua linazama tulikuwa na mia tatu na kumi na moja. Shangazi aliketi kwenye tuta, akaosha miguu yake iliyokatika-katika, na kwa mara ya kwanza nikamwona kuwa mzee. Nililia. Nilikuwa nimemfukuzia ndege wote wa Ruzizi, kisha nikampokonya shamba kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwenye banda na ndoo ya risasi ndani ya maji, kwa kuwa Prezida alitaka zioshwe. Kabla hatujatoka uani nilimsikia Shangazi akisema karibu na mlango wa jirani, "Shemeji, lile jipu lilikauka muzuri?" Nilistaajabia moyo wake, siku kama ile kukumbuka ugonjwa wa adui. Hesabu ilichukua saa nzima. Ilipofika mia tatu na kumi na moja, Barnabé akatoa kitu mfukoni. "Na hii," akasema. "Niliikuta leo asubuhi." Lilikuwa yai, umbo sawasawa, jekundu kwa vumbi la tofali. Niliposhikishwa nililigonga kwa ukucha. Halikulia. Lilikuwa bichi, limefinyangwa usiku ule, na Mungu anisamehe, lilikuwa yai zuri kuliko yangu yote. Prezida akaniuliza, kwa sababu alijua kama wote walivyojua kwamba msichana huyu wa mjini hasemi uongo, "Iko yako?" Nikasikia sauti yangu ikisema, "Iko yangu." Akalichukua, akalitupa ndooni pamoja na mengine.

Maji ya ndoo yakaanza kugeuka rangi. Nilisogea nikasimama mbele yake nikitanua kitenge, lakini Baba Sadiki alikuwa ameketi upande wa pili, na macho yake yalikuwa humo humo, yakitazama yai langu likiyeyuka kama sukari. Akatia mkono mfukoni. Barnabé akafumba macho. Shangazi alikuwa anatafuna karanga, moja moja, akimwangalia shemeji yake usoni. Mkono wa Baba Sadiki ukatoka na kitambaa, akajifuta jasho. "Minye naona inatosha," akasema. "Mufungue maji." Akaondoka akiwa wa kwanza. Kwa miaka yote iliyofuata niliamini kwamba mtu yule aliguswa na wema asubuhi ile, na nimewahi kumtolea mfano darasani.

Watu wa kilio walipopungua, Baba Sadiki alitia mkono katika koti lake akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Alihangaika na fundo, nikamfungulia. Ndani yake mlikuwa na yai jekundu. Nililigonga kwa ukucha, likalia.

"Siku ile, adhuhuri," alisema, akitazama miguu yake, "nilikuwa nachuchumaa mu matete, kwa vani ya Shangazi yako." Vani ni kile kibao cha kufungulia maji ya mfereji. "Nilikuwa nayifunga. Ili mupunga yake ikauke. Halafu ikakuja hii, pu! Nilifikiri ni Mungu."

"Jipu," nikasema.

"Jipu haiko. Iko yai yako. Na Shangazi yako aliingia na chumvi yake, akaona alama, akajua. Hakusema kitu. Siku ya komite njo aliniuliza jipu mbele ya mulango. Nikajua nikifungua kinywa kuhusu risasi, ataniuliza nilipatia wapi yangu." Alicheka kidogo, kifua kikapiga filimbi. "Nyuma ya hapo nilitaka kuitupa. Akasema hapana. 'Iweke muzuri. Siku nitakufa, utamurudishia mwenyewe.' Nikamuuliza, kwa nini hauimupe leo? Akasema, 'Faida akijua, atasema. Ule mutoto hajui kunyamaza.'"

Alisema kweli. "Na tangu pale," akaendelea, "kila musimu, vani yake njo nilifungua ya kwanza. Miaka yote hii. Mwanzo ilikuwa woga. Kisha nikazoea. Sasa sijui asubuhi nitafungulia nani." Akajifuta macho kwa kile kitambaa, nami nikamshika mkono, yule adui yetu, tukakaa hivyo.

Baada ya muda swali likanitoka, sikuweza kulizuia. "Vani gani, Baba Sadiki? Ya kwanza ao ya pili?" Akasema ya tatu, ile ya mwisho kabisa. Nilihesabu kichwani: mia na ishirini za shamba, tuta, njia ya ng'ombe, halafu matete. Nilitoa simu nikampigia Barnabé, ambaye siku hizi anaishi Bujumbura na wajukuu tisa. Nikamwambia bila salamu: "Yai. Hatua mia moja na themanini na tano. Niko na shahidi, na shahidi alikuwa na kovu." Kisha akauliza, "Upepo ulikuwa unatoka wapi?"

Nilicheka mpaka wanawake wa chai wakageuka. Nikainuka na yai langu mkononi, nikavuka ua upesi, nikafika kwenye mlango wa Shangazi na kuusukuma nimwambie, na ndipo nikakiona kitanda chake kitupu.